Bunduki Iliyogoma Makaburini

Mimi naogopa damu. Nikiona tone lake masikio yanavuma, magoti yanalegea, na watu wananiokota sakafuni. Ndiyo maana nikatengeneza bunduki miaka yote ile.

Najua mnacheka, wanangu. Chekeni tu. Lakini mngekuwa Lewisville, hapa Texas, miaka ya tisini mngenielewa. Mkenya aliyefika huku wakati ule alikuwa na njia moja tu, unesi. Ukishuka ndege unapokewa, unalazwa kwenye kochi la mtu, na asubuhi chai inakuja pamoja na habari za chuo cha unesi. Ukisema hutaki, wanakutazama kama mtu aliyekataa wokovu.

Aliyetupokea mimi na mume wangu Mutua ni Wambui, tuliyesoma naye sekondari. Wambui alikuwa nesi Dallas, mwenye moyo mkubwa na gari kubwa zaidi, na alinipeleka yeye mwenyewe kwenye mafunzo ya kuhudumia wazee. Sikumaliza hata wiki. Mzee mmoja alitokwa na damu puani nikiwa namfunga vifungo vya shati. Yeye ndiye aliyebonyeza kitufe cha dharura, kwa ajili yangu.

"Mama Mwende," Wambui aliniambia tukirudi nyumbani, "sasa wewe utafanya nini Amerika?"

Swali zuri. Nairobi nilikuwa fundi wa taipureta. Nilijifunza kwa mjomba wangu, katika kibanda nyuma ya soko, na ofisi za serikali zilituletea mashine zao zikiwa zimekwama herufi, zimekatika springi, zimemwagiwa chai. Kisha kompyuta zikaingia. Mjomba alisema ni upepo tu, utapita. Ukapita kweli, ukamchukua na yeye. Mutua akashinda bahati nasibu ya green card, akapata kazi ya ghala, na mimi nikaja na ujuzi ambao hakuna mtu duniani aliyeuhitaji, nimeuviringisha ndani ya kitambaa kwenye mkoba wangu: bisibisi sita nyembamba, koleo mbili na kibano.

Duka la Royce lilikuwa Haltom City, karibu na ghala alikofanya kazi Mutua. Siku hiyo nilikuwa namngoja atoke zamu. Jua lilikuwa la Texas, hamlijui kwa sababu nyinyi mnatoka kwenye eyakondisheni mnaingia kwenye eyakondisheni. Nikaingia mlango wa kwanza nilioukuta ili nipate kivuli. Nikakuta bunduki ukutani kama sufuria jikoni, na Royce mwenyewe, mzee mrefu mwembamba mwenye mafuta ya mashine kwenye ndevu, anahangaika na skrubu. Nikatazama. Nikatazama tena. Nikashindwa kuvumilia.

"Bisibisi yako ni nene," nikasema. "Haikai kwenye mfereji."

"Najua," akajibu bila kuinua kichwa. "Ile nzuri imevunjika leo asubuhi."

Nikafungua mkoba, nikakunjua kitambaa, nikampa moja. Akafungua skrubu bila kuikwaruza. Akaitazama bisibisi, akanitazama mimi.

"Inauzwa?"

"Haiuzwi."

"Basi njoo nayo Jumatatu."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Nyinyi siku hizi mnafanyiwa usaili mara nne, mnaulizwa mnajiona wapi baada ya miaka mitano. Kama Royce angeniuliza hivyo, ningesema popote penye kivuli. Jina langu, Nduku, lilimshinda pale mwanzoni kwenye N, akaniita Duku mpaka alipostaafu. Sikumrekebisha. Mtu akikupa kazi, mwachie herufi moja.

Kanisani habari haikupokelewa vizuri. Ushirika wetu wa Wakenya ulikuwa unakutana Jumapili mchana, na mzee wa kanisa alisimama akaniombea kwa jina: "Bwana, mfungulie dada yetu mlango wa kazi safi." Nikasema amina kwa sauti kuliko wote, maana si vizuri kubishana na maombi. Jumanne iliyofuata mzee huyo huyo akaingia dukani na bunduki ya kuwindia aliyouziwa na jirani, ameifunga kwenye leso ya mkewe iliyoandikwa SIRI YANGU HAIKUHUSU.

"Dada Nduku," akanong'ona, "hii isifike kanisani."

"Bunduki au habari?"

"Zote mbili."

Niliisafisha vizuri sana. Jumapili akaniombea tena, ila mara hii maombi yalikuwa mafupi. Mwanangu Mwende naye alikuwa na yake. Nilipomuuliza huwaambia nini wenzake shuleni, akanijibu kwa Kiingereza kwamba huwaambia mama yake ni engineer.

Sasa niwaambie kazi yenyewe ilivyo. Royce hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini machache aliyonifundisha yamenitosha. La kwanza: bunduki yoyote inayoingia, hata ikiletwa na askofu, ihakikishe haina kitu. Itazame, kisha tia kidole ndani pale risasi inapokaa, uguse. "Macho huona yanachotarajia," alisema. "Kidole hakitarajii kitu." La pili: ikigoma, usikimbilie kubadilisha vyuma. Anza na uchafu. Uchafu ukikosa hatia, uliza springi. Springi ikikosa hatia, ndipo uanze kushuku chuma. Vijana wengi huanza na chuma kwa sababu chuma kinaonekana kama kazi, na kusafisha kunaonekana kama adhabu.

Springi nayo ina heshima zake. Mwezi wangu wa kwanza niliachia moja ikaruka, ikapita juu ya kichwa cha Royce, ikatua kwenye kahawa yake. Akainywa kahawa yote taratibu, akaitoa springi chini ya kikombe kwa vidole viwili, akaiweka mbele yangu.

"Haya," akasema. "Imeshapata mafuta."

Tangu siku hiyo kila springi niliifungua ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, mikono yangu ikiwa ndani ya mfuko pamoja nayo. Ikiruka, inaruka humo. Fanyeni hivyo, hata kama mnatengeneza saa.

Lakini nilitaka kuwasimulia habari ya Harlan.

Fort Worth kulikuwa na chama cha wastaafu wa jeshi, wazee wa vita vya zamani, na kati yao kikosi cha watu saba waliojitolea kwenda kwenye mazishi ya wenzao. Mnawaona mazishini: wanasimama mbali kidogo na kaburi, wanafyatua hewani mara tatu, wote kwa pamoja, kisha bendera inakunjwa. Mwenyekiti wao alikuwa Vernon, mtu aliyenyooka kama rula, aliyekuwa akiongea na watu wote kama wamechelewa gwaride.

Bunduki zao zilikuwa za vita vile vile, zile zinazojipakia zenyewe. Ukifyatua, moshi wa risasi unasukuma komeo nyuma. Komeo ni kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi kama komeo la mlango. Ganda linaruka nje, komeo linarudi mbele na risasi nyingine, na uko tayari tena. Mazishini lakini hutumiwa risasi tupu, zenye baruti bila kichwa, na moshi wake ni dhaifu, hausukumi kitu. Kwa hiyo kila baada ya mlio mzee inambidi avute komeo mwenyewe kwa mkono, kisha aliachie.

Siku moja Vernon akaja na bunduki moja kati ya zile saba. "Ya Harlan," akasema. "Imenyamaza makaburini. Sita zikalia, hii ikasema *tik*."

Nikaanza na uchafu kama nilivyofundishwa. Na uchafu ulikuwepo! Ndani ya komeo, kwenye njia ya pini inayogonga risasi, kulikuwa na grisi ya miaka hamsini iliyoganda kama jivu lililochanganywa na asali. Pini ilikuwa inapita humo kama mtu anayetembea kwenye tope. Nikaitoa yote, nikaosha, nikakausha. Nikaijaribu uwanja wa nyuma kwa risasi tupu, ikalia kila mara. Nikaifunga kwa furaha. Ni raha iliyoje kupata kosa mahali ulipoambiwa litakuwepo.

Baada ya wiki mbili Vernon akarudi. *Tik.*

Nikabadilisha springi ya nyundo, ile inayoipiga pini. Ikalia uwanja wa nyuma kila mara. Akaichukua, akaenda nayo kuzika mtu, akarudi. *Tik.* Mara hii alikuja na ushahidi mfukoni: risasi iliyogoma. Nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Risasi ina kitako chake cha duara, na katikati ya kitako kuna fataki, kile kidude kidogo kinachowaka kikigongwa. Ikilia vizuri, fataki huwa na shimo la kina, kama umebonyeza unga wa chapati kwa kidole. Hii ilikuwa na alama ndogo tu. Pini ilikuwa imefika, lakini imefika imechoka.

Nikachukua maganda yaliyolia kwangu uwanja wa nyuma nikayaweka karibu. Mashimo ya kina yote. Bunduki ile ile, pini ile ile, alama mbili tofauti kabisa.

"Royce," nikasema, "bunduki hii ikiwa hapa ni nzima. Ikienda makaburini inaugua."

"Kama mke wangu," akasema Royce. "Maumivu yote huisha akifika mlangoni kwa daktari."

Tukabadilisha pini hata hivyo. Tukapima kila chuma. Vernon akaichukua, na safari iliyofuata hakurudi na bunduki tu, alirudi na uso uliokunjamana.

"Nina rafiki yangu hospitali," akasema. "Otis. Alikuwa kikosi kimoja na Harlan vitani, wamekuwa kama ndugu tangu hapo. Madaktari wamemwambia hana muda. Ameniita akaniambia anamtaka Harlan asimame siku yake. Na amemwambia Harlan: *Yako ikinyamaza kwangu, nitainuka.*" Vernon hakucheka, ingawa Otis bila shaka alicheka. "Nyinyi mkishindwa tena, nitamtoa Harlan kwenye kikosi. Sina bunduki nyingine ya kumpa, na siwezi kumzika mtu kwa mlio wenye pengo."

Mnaona lilivyo. Mzee angetolewa kwenye mstari wiki ile ile ya kumzika rafiki yake, kwa sababu mimi na Royce hatukuijua bunduki yetu.

Nikamwambia Royce nataka kwenda kuona mazishi.

"Ya nani?"

"Ya yeyote."

Akakuna ndevu. "Duku, sisi hatuendi mazishini na bunduki. Mafundi gari hawaendi safari na wateja."

"Wangeenda wangejifunza."

Akanipa ruhusa ya nusu siku. Wambui ndiye aliyenipeleka, akiwa ametoka zamu ya usiku, bado na sare yake ya hospitali, kikombe cha kahawa kikubwa kama ndoo. Tukasimama nyuma ya watu tusiowajua, tumeinamisha vichwa kwa adabu. Wale wazee saba walikuwa upande wa pili. Harlan alikuwa wa mwisho kulia, mwili mkubwa kama mlango, kofia imenyooka.

Mlio wa kwanza ukalia vizuri, zote saba. Wakavuta makomeo. Mlio wa pili, nikasikia *tik* ndani ya ule mshindo, mwembamba kabisa. Wa tatu vivyo hivyo. Na mimi macho yangu hayakubanduka kwenye ile bunduki hata mara moja, na sikuona kitu. Bunduki ilikuwa vile vile kama kwangu mezani.

"Umeona?" Wambui akaninong'oneza.

"Nimeona nini?"

"Mkono wa yule mzee. Wale wengine wanavuta kile kikono halafu wanakiachia, pwa! Yeye haachii. Anakisindikiza pole pole mpaka mbele, kama mtu anafunga mlango wa mtoto amelala." Akanywa kahawa. "Hiyo ni baridi yabisi, mama. Vidole vinamuuma. Nawaona kila siku kazini."

Nikasimama pale kama nimepigwa kofi. Mimi nilikuwa nimetazama bunduki, na Wambui ambaye hajui kitako wala mtutu alikuwa ametazama mtu. Na lile alilolisema lilieleza kila kitu. Komeo lisipofika mbele kabisa, likabaki hata unene wa ukucha, halijajifunga. Ukifyatua, nyundo inaanguka, lakini nguvu zake zinaishia kulimalizia komeo safari yake. Pini inapata makombo. Mimi na Royce mezani tuliliachia komeo kila mara, tukalisikia likigonga, tukaridhika. Tulikuwa kama daktari anayempima mgonjwa wa miguu kwa kutembea yeye mwenyewe.

"Sasa namwambiaje mzee wa watu kwamba mikono yake imekwisha?" nikamuuliza Wambui garini.

"Taratibu. Wazee wa huku wako na pride kuliko wetu. Usimwambie mbele ya yule mwingine, yule rula."

Nikampigia simu Harlan nikamwomba aje peke yake, nione kama kitako cha bunduki kinamkaa vizuri begani. Uongo mdogo, wa kitabibu. Akaja amevua kofia, akasimama pale mbele ya meza akijaribu kuchukua nafasi ndogo. Sauti yake ilikuwa laini, hukutarajia itoke kwenye kifua kile. Akaniita Bi Duku. Herufi ile ilikuwa imeshapotea mpaka Fort Worth.

Nikaihakikisha bunduki, nikatia ganda lenye fataki peke yake, nikampa. "Nionyeshe unavyofanya, mzee."

Akavuta komeo. Akalisindikiza mbele kwa mkono mzima, taratibu, bila sauti. Akafyatua.

*Tik.*

Nikaanza hotuba niliyoiandaa. Nikasema miili yetu sote inabadilika. Nikasema baba yangu mwenyewe Machakos vidole vyake viligoma kabla ya miguu. Nikasema hakuna aibu, kuna dawa, kuna na mazoezi, ninaye rafiki nesi. Harlan alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. Kisha akatazama mikono yake, upande mmoja na upande wa pili.

"Mikono yangu ina shida gani?"

Juu ya meza yangu kulikuwa na skrubu ya darubini, ndogo kama punje ya uwele, niliyokuwa nimeihangaikia asubuhi nzima. Akainua bisibisi yangu, akaichukua ile skrubu kwa ncha ya kidole, akaikalisha kwenye tundu lake na kuizungusha mara mbili. Ikaingia.

"Nafunga vyambo vya kuvulia samaki," akasema kama anayeomba radhi. "Vya manyoya. Kwa mkono."

Basi nesi wangu alikuwa amekosea, na mimi nilikuwa nimekosea kwa kumfuata, na hotuba nzuri ile ilikuwa imepotea bure. Nikaketi.

"Kwa nini basi huliachii komeo?"

Akaizungusha kofia mikononi. "Linapiga kelele."

"Mzee Harlan," nikasema, "mko watu saba. Mnapiga bunduki mara tatu."

"Hiyo ni heshima, Bi Duku. Ile nyingine ni kelele tu."

Kisha akanieleza. Alipokuwa bado kijana alimzika kaka yake, naye aliheshimiwa kwa milio mitatu. Mama yao alikuwa ameketi mbele kabisa. Watu walikuwa wamemwandaa: Mama, utasikia milio mitatu, usiogope. Na milio alikuwa tayari kwayo, alikaza mgongo ikampita. Lakini hakuna aliyemwambia habari ya makomeo. Baada ya mlio wa kwanza, alipokuwa anapumua, yale makomeo yote yakagonga pamoja, *klak*, chuma kwa chuma, na mama akaruka kwenye kiti kana kwamba mtu amefunga kwa nguvu mlango wa nyumba yake. Tena baada ya mlio wa pili. Harlan alikuwa amemshika mkono. Aliusikia mshtuko ule kwenye kiganja chake mwenyewe.

"Nilipojiunga na kikosi hiki nikasema langu halitamrusha mama wa mtu," akasema. "Risasi ya kwanza tunapakia kabla watu hawajafika, hapo naliachia tu. Vernon angeniambia ni upuuzi. Kwa hiyo sikumuuliza."

Nimeshughulika na vyuma maisha yangu yote, na ilikuwa mara ya kwanza kukutana na bunduki iliyogoma kwa sababu ya adabu.

Ningemwambia aache, achape komeo kama wenzake, na mambo yangeisha. Sikuweza. Nikaichukua bunduki, nikalisindikiza komeo kama yeye, taratibu, mpaka liliposimama. Kwa macho ungeapa limefunga. Nikaweka kiganja nyuma ya kile kikono nikakisukuma kidogo kwenda mbele, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni ili acheue. Nikahisi kitu kikizama. Komeo lilikuwa limegeuka na kulala mahali pake, bila sauti ya kumwamsha mtu.

"Lisindikize upendavyo," nikamwambia. "Lakini usiliache njiani. Lifikishe nyumbani."

Akajaribu. Fataki ikalia *pa!* Akajaribu tena na tena. Royce akachungulia kutoka nyuma kuuliza kuna nini, nikamweleza. Akazikuna zile ndevu.

"Miaka arobaini kazini," akasema, "sijawahi kufunga kitu chochote taratibu." Kisha akarudi nyuma, na mlango ukabamizwa.

Otis alifariki kabla mwezi haujaisha. Mimi na Wambui tulikwenda. Kulikuwa na upepo, bendera ilikuwa inasumbua mikono ya waliokuwa wakiikunja, na binti yake Otis alikuwa ameketi mbele na miwani myeusi. Mimi sikutazama bunduki. Nilitazama kiganja cha Harlan. Mlio wa kwanza. Makomeo sita yakagonga, na la saba likasindikizwa, likapigwapigwa, likalala. Mlio wa pili, mmoja, mzima. Wa tatu pia. Wambui alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniuma. Watu walipoanza kuondoka Harlan akasogea kaburini, akainama kwa shida kidogo, akasema kitu. Niliuliza baadaye alisema nini. Alisema, "Lala basi."

Mnadhani habari imeishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Baada ya wiki kadhaa lori dogo la Vernon likasimama nje ya duka. Akaingia na bunduki mbili begani, akatoka, akarudi na nyingine mbili. Akazipanga mezani kwangu kama maiti.

"Zimeambukizana," akasema.

Royce akatoka nyuma. "Bunduki haziambukizani, Vernon."

"Basi nieleze wewe. Ya Harlan ilikuwa inagoma, mkaiponya. Sasa ya Harlan inalia na hizi nne zimenyamaza. Jana tulimzika mtu kwa bunduki tatu. *Tatu!* Mjane aliuliza kama wengine wamekasirika."

Akamwaga mezani risasi zilizogoma. Nikaitazama ya kwanza: alama ndogo, katikati ya fataki. Ya pili, ndogo. Sikuhitaji hata kioo. Nikakaa chini nikacheka, nikashindwa kuacha, na Vernon akazidi kunyooka. Harlan alikuwa ameniambia kwamba baada ya kumzika Otis wenzake walikwenda naye kunywa kahawa, bila Vernon, na katika kahawa ile Harlan alisimulia habari ya mama yake. Kila mmoja akaenda nyumbani na siri yake. Wanne waliamua, kila mmoja peke yake, bila kuambiana na hasa bila kumwambia Vernon, kwamba hata lake halitamrusha mama wa mtu. Harlan alikuwa amewapa sababu. Alikuwa amesahau kuwapa kile kiganja.

Nilimweleza Vernon. Nilijitayarisha kwa gwaride.

"Mbona mimi hakuna aliyeniambia?" akauliza, na ilikuwa sauti ya mtu aliyekosa kualikwa.

"Labda walidhani utasema ni upuuzi," nikasema.

"Ningesema ni upuuzi," akakubali. Akaitazama mikono yake kama Harlan alivyoitazama ya kwake. "Jumamosi una nafasi?"

Jumamosi wakaja wote, pamoja na Vernon mwenyewe. Nikawapanga mstari mmoja mbele ya meza, bunduki zimehakikishwa moja moja kwa kidole changu, na nikawafundisha wazee waliopigana vita jinsi ya kufunga komeo bila kuamsha mtoto. Vuta. Sindikiza. Piga kiganja. Harlan alikuwa msaidizi wangu, anapita nyuma yao akirekebisha viwiko kwa sauti yake ile. Wengine walishika haraka. Vernon ndiye aliyekuwa mzito, komeo lilimponyoka kila mara likagonga *klak*, na kila likigonga alisema samahani, sijui alikuwa anamwomba nani.

"Taratibu, mzee," nikamwambia. "Hakuna anayekuhesabia."

Akavuta pumzi. Akavuta komeo. Akalipeleka mbele inchi kwa inchi, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, akalipiga kwa kiganja, na likalala. Wenzake wakampigia makofi. Alikasirika, lakini si sana.

Bunduki zile hazikurudi tena kwangu kwa ugonjwa. Royce alinilaumu kwa hilo: "Duku, umeponya wateja saba kwa siku moja. Sasa tutakula nini?" Tulikula. Texas haijawahi kupungukiwa na bunduki mbovu, na mpaka nilipostaafu meza yangu haikuwa tupu hata asubuhi moja.

Lakini ile Jumamosi ndiyo ninayoipenda. Walipomaliza waliziweka bunduki kwenye mifuko yake, wakanishukuru mmoja mmoja kwa jina langu bila ile herufi, wakachukua kofia zao. Mimi nilikuwa nimeinama nakusanya maganda sakafuni. Juu ya mlango wa duka kulikuwa na kengele ya shaba, kila mteja akiingia au akitoka inalia, Royce alikuwa akiisikia hata akiwa na mashine. Baada ya muda akatoka nyuma anapangusa mikono, akatazama duka lililokuwa tupu.

"Wameenda lini?" akauliza. "Sijasikia kengele."